Waya Mbili za Kuchomoa

Maximilla alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akipitisha waya wa simu nyuma ya kabati.

"Vuta kidogo," alisema Beldina, fundi wa kompyuta kutoka mjini Kakamega. "Hapo. Sasa ingiza kwenye hiki kisanduku."

"Hiki ndicho modemu?"

"Ndicho. Kinageuza habari za kompyuta kuwa sauti inayopita kwenye waya wa simu. Kule ofisini kuna kingine kinachongoja. Vikishikana, utaona hapa kilicho kwenye kompyuta ya ofisi, na utaifanyia kazi kutoka hapa."

Mama Musimbi, mama mkwe wa Maximilla, alikuwa amelala kwenye kitanda kilichowekwa sebuleni. Alikuwa amevunjika nyonga, na ilibidi ageuzwe mara kwa mara. Wanzala, mumewe Maximilla, aliendesha trekta za miwa huko Mumias na kurudi Jumamosi tu. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumtunza mama.

Maximilla alikuwa karani wa chama cha wakulima wa miwa. Alipanga zamu za kukata miwa, eneo kwa eneo: Mayoni, Matungu na mengine. Mkubwa wake alimwazima kompyuta ya zamani akasema, "Jaribu wiki hii. Ikishindikana, itabidi nitafute karani mwingine."

Beldina alimwambia Maximilla achague neno la siri, kisha akageuka kutazama ukutani.

"Mbona unageuka?"

"Neno la siri ni lako. Mwenye kulijua anaweza kuingia kwenye kazi ya ofisi. Usimwambie mtu."

"Mimi sijui kusoma," alisema Mama Musimbi. "Niambie tu."

"Hata wewe, mama," Maximilla alijibu, na wote wakacheka.

Kompyuta ikapiga simu. Kule ofisini ikalia, ikalia, bila kujibiwa. Wakajaribu tena. Kimya.

Maximilla akapiga namba ya pili ya ofisi. Mzee Elkanah, mlinzi na mfagiaji, akaipokea.

"Mzee, kompyuta yangu iko namna gani?"

"Imelala, Mama Tyson," alijibu, akimwita kwa jina la mwanawe. "Jana jioni nilichomoa plagi. Radi! Kila jioni nachomoanga."

"Mzee! Unataka nifutwe kazi?"

Beldina akaomba simu. "Mzee, hujakosea. Radi ya hapa inaunguza mashine. Lakini waya wa simu ulichomoa?"

"Wa simu? Huo niliacha."

"Basi radi ingepita huko. Modemu ina waya mbili, wa umeme na wa simu. Zote mbili zichomolewe."

"Kumbe nilifunga mlango nikaacha dirisha," alisema Mzee Elkanah.

Wakapatana. Asubuhi, mbingu zikiwa safi, Mzee angerudisha waya zote mbili na kuwasha kompyuta. Programu ingefunguka yenyewe na kungoja simu. Mawingu yakikusanyika, Maximilla angehifadhi kazi, akate simu, kisha ampigie Mzee achomoe. Maximilla naye angechomoa zake nyumbani.

"Samahani, Mzee," Maximilla alisema. "Nilikuwa na hofu."

"Si neno, Mama Tyson."

Kesho yake modemu ililia kwa sauti kali.

"Hiyo kuku nani ameikanyaga?" Mama Musimbi aliuliza.

Maximilla akavuta kiti. Kwenye skrini ilikuwa imetokea orodha ya wakulima wa Mayoni, ileile aliyoiacha ofisini. Akaanza kupanga zamu. Mama alipomwita, aliinuka, akamgeuza, akampa uji. Aliporudi, orodha ilikuwa inamngoja palepale.

Baada ya chakula cha mchana, ngurumo ilisikika upande wa msituni. Mayoni ilikuwa imekwisha. Matungu alikuwa hajafika hata nusu. Alitamani kuongeza majina machache. Akatazama dirishani. Akahifadhi kazi, akakata simu, akampigia Mzee Elkanah.

"Mzee, chomoa."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Ngoja kwanza. Mkubwa ameona ya Mayoni. Amesema kesho umalizie Matungu, na wiki ijayo uanze Mautuma."

"Wiki ijayo?"

"Ndivyo amesema. Haya, nachomoa, mvua inakuja."

Maximilla akachomoa waya wa simu, kisha wa umeme. Akafunika kompyuta kwa kitambaa, akaenda kumgeuza mama.

"Na kesho hiyo kuku italia tena?"

"Italia, mama. Matungu bado."