Yai Kati ya Fito Mbili

Alhamisi tarehe 12 Machi, saa moja na dakika thelathini na tano asubuhi, yai la kwanza la mwaka katika mkoa mzima wa Friesland lilikutwa halipo.

Fito mbili zilizowekwa kulilinda zilikuwa zimeng'olewa na kutupwa majanini. Kati yake kulibaki kishimo kitupu, kipana kama kisahani cha chai, chenye majani makavu matatu. Hapakuwa na ganda, wala ute, wala unyoya.

"Limeibwa!" alipiga kelele Wobbe Zijlstra, mwenyekiti wa klabu yetu ya ndege. Alikuwa ametutangulia mbio hadi kwenye kiota, na sasa alikizunguka huku ameshika kiuno. "Mnaona wenyewe. Limeibwa!"

"Na nani?" aliuliza Hylkje Wiersma.

Wobbe alinyoosha kidole kwenye tope la upande wa getini. Kulikuwa na alama za mabuti ya mpira, na buti la kushoto lilikuwa na kiraka cha pembe tatu kisiginoni. Kijiji kizima kinalijua buti lile. Ni la Sietske Hofstra.

Tulikuwa watu kumi na mmoja pale, darubini shingoni, na sote tuligeuka kutazama alama zile. Sietske mwenyewe hakuja matembezini siku ile, na kutokuja kwake nako kulionekana ni ushahidi. Watu bwana!

Kwetu, anayepata yai la kwanza la ljip, yule ndege mweusi na mweupe mwenye kishungi, husomwa jina redioni na kupewa mkono na gavana. Siku hizi yai halichukuliwi. Unalipiga picha, unajaza fomu, unasimamisha fito hatua tano kila upande ili trekta lisipite juu yake, basi, unaondoka. Wobbe aliripoti la kwake Jumatatu tarehe 9, saa moja na dakika tano asubuhi. Sietske naye alipata la kwake siku ileile saa tatu na dakika ishirini, ng'ambo ya mfereji. Akawa wa pili, kwa saa mbili na robo.

Saa nne kamili mkaguzi wa mkoa alifika kuliona yai la Wobbe. Aliitwa Baukje Reitsma, msichana mwenye viatu safi mno kwa kazi yake. Alitazama kishimo, akatazama alama za buti, akaandika.

"Kama yai limeibwa, picha ya mwenyekiti inatosha," alisema. "Ushindi ni wake. Ila aliyeharibu kiota hunyang'anywa kadi ya ulinzi maisha. Mkutano wa klabu utaamua Jumamosi saa nne asubuhi. Nitakuwepo."

Bila kadi ile, mtu haruhusiwi kukanyaga malisho tangu Machi hadi Juni. Sietske ana miaka sabini na moja, na ameyakanyaga kila masika tangu ana kumi na saba. Mnyang'anye kadi, umemfungia ndani ya nyumba yake.

Hylkje hakuondoka na wengine. Huyu mama alifanya kazi ya kupima maziwa miaka thelathini na moja, shamba kwa shamba, na wakulima walisema alikuwa anamjua aliyetia maji kabla hajafungua chupa. Alizifuata zile alama za buti taratibu, akihesabu hatua. Zilitoka getini, zikafika mahali, zikasimama kisigino kwa kisigino, zikageuka na kurudi. Kutoka pale hadi kwenye kishimo kulikuwa na hatua thelathini za tope lisiloguswa na buti lenye kiraka.

Wobbe alimkuta hapo. "Ana upondo wake wa kurukia mifereji," alisema. "Ameruka."

"Hatua thelathini, Mwenyekiti? Kwa umri wake?"

"Mwenye husuda huruka."

"Haya. Hebu niambie, Jumatano uliliona?"

"Saa kumi jioni, kwa macho yangu. Yai moja, salama."

"Moja tu? Tangu Jumatatu? Ljip hutaga karibu kila siku mpaka yafike manne."

"Baridi imemchelewesha mama yake."

"Na Jumatatu ulilijaribu kwa maji?"

Wobbe alicheka. "Unaniuliza mimi? Nililitia mferejini hapo, likalala chini tuli. Bichi kabisa. Nimeandika kwenye fomu." Kila mtafuta mayai hufanya hivyo tangu enzi za babu zetu: yai bichi hulala chini, lililoatamiwa siku nyingi huinuka.

"Ahsante, Mwenyekiti," alisema Hylkje, akaenda zake kwa Sietske.

Sietske alikuwa amekaa jikoni, kahawa imepoa mbele yake. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Huku kwetu habari hazivai viatu.

"Shoga, ulikwenda kwenye kiota cha Wobbe?"

"Nilikwenda."

"Lini?"

"Jumatano, saa nne asubuhi. Nilisimama mbali."

"Hatua thelathini."

"Sikuhesabu. Nilisimama nusu saa na darubini." Alikizungusha kikombe. "Hylkje, hapakuwa na ndege. Dume halikuruka kunifukuza, jike halikupiga kelele. Kiota gani hicho ambacho hakina mwenyewe?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nimeshindwa kwa saa mbili, halafu nianze kusema kiota cha mshindi hakina ndege? Si wangenicheka? Ndiyo maana leo sikuja matembezini. Sasa wananiita mwizi, na hilo nalo limenifungia ndani." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja kwa hasira. "Wacha wachukue kadi. Sitawapigia magoti."

"Hakuna anayechukua kadi hapa. Wewe la kwako ulilijaribu kwa maji?"

"Sikulijaribu. Nimeandika hivyo hivyo kwenye fomu, 'halikujaribiwa'."

"Kwa nini?"

Lakini Sietske alikuwa ameegemeza kichwa mezani akilia kweli sasa, na Hylkje hakumshikilia kwa swali. Alimmiminia kahawa ya moto, akamkatia kipande cha mkate wa sukari, akakaa naye hadi alipokula.

Mchana huohuo saa nane alifika kwa Tjibbe Dykstra, mwenye malisho yale. Yeye naye alikuwa na midomo ya watu juu yake. Wiki nzima alitaka kumwaga mbolea na kiota kilimzuia, na mkulima mwenye tangi limejaa mbolea si mtu wa kuchezewa.

"Wamekutuma uje unishike?" aliuliza Tjibbe. Alikuwa anakwangua tope kwenye uma wa shambani.

"Ukiwa na hatia, bwana Tjibbe, utakuja mwenyewe. Ulikuwa wapi leo alfajiri?"

"Zizini. Ng'ombe alikuwa anazaa, ndama ametanguliza matako. Kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili. Daktari wa mifugo alikuwa ameingiza mkono mpaka begani, muulize."

"Nitamuuliza. Na Jumatatu, ulimwona mwenyekiti?"

"Nilimwona akipita getini, kama saa moja kasoro. Nilikuwa navunja maji ya kondoo kwa shoka."

Hylkje aliinua kichwa. "Unavunja maji?"

"Barafu, mama! Umesahau Jumapili usiku ilivyopiga? Digrii saba chini ya sifuri. Mfereji wote ulikuwa kioo. Paka wangu alivuka juu yake kwenda kuwinda kwa jirani, na yule paka ana kilo saba. Haikuyeyuka mpaka Jumatatu jioni."

"Hakuna tundu popote?"

"Ungetaka tundu ungekuja kuniazima shoka. Hakuna aliyeazima."

Hylkje alimshukuru kwa furaha ambayo Tjibbe hakuielewa. Njiani alimpigia simu daktari wa mifugo, naye akathibitisha kila neno, na akaongeza habari za yule ndama ambazo hakuombwa.

Sasa alikuwa na uongo mmoja mkononi, lakini uongo kwenye fomu si yai. Wobbe angesema alijisahau, kaandika kwa mazoea, na pengine ni kweli, maana sote tumeandika "limelala chini" mara nyingi kiasi kwamba mkono unaandika wenyewe. Lakini picha ilikuwepo, na yai lilikuwa ndani yake. Lilitoka wapi?

Ijumaa saa tisa alasiri Hylkje alifungua chumba cha klabu kupanga vikombe vya mkutano. Ukutani kuna ubao wa majina ya waliowahi kupata yai la kwanza: babu yake Wobbe, mwaka 1931, baba yake Wobbe, mwaka 1968. Chini ya ubao kuna kabati la kioo la mayai makavu ya zamani, yaliyotobolewa ubavuni na kupulizwa kila kitu nje, mkusanyiko wa babu huyohuyo. Ufunguo anao mwenyekiti peke yake. Hylkje alipita mbele ya kabati lile na sahani za keki, akarudi nyuma hatua mbili, akaziweka sahani chini.

Mayai ya ljip yalikuwa manne kwenye pamba. Matatu yalikuwa na vumbi la miaka. La nne lilikuwa linang'aa.

Alitoa simu, akafungua picha ya Jumatatu ambayo Wobbe alitutumia sote, akaikuza, akaisogeza kwenye kioo. Kisha alipanga vikombe kama kawaida, vikombe ishirini na vinne, akafunga mlango.

Jumamosi saa nne chumba kilijaa. Wobbe alikuwa amevaa tai. Sietske alikaa mstari wa nyuma, koti limefungwa hadi kidevuni, na viti viwili kila upande wake vilikuwa vitupu. Tjibbe aliona vile, akaacha kiti chake cha mbele, akaenda kukaa naye.

"Tuna jambo moja la kusikitisha," alianza Wobbe.

"Mawili, Mwenyekiti," alisema Hylkje akisimama. "Mama mkaguzi, tusomee fomu zote mbili, pale kwenye jaribio la maji."

Baukje Reitsma alifungua faili. "Ya mwenyekiti: 'Limejaribiwa mferejini saa moja na dakika tano, limelala chini.' Ya bibi Hofstra: 'Halikujaribiwa, maji yameganda.'"

Chumba kilinong'ona. Tjibbe alijipiga paja. "Paka wangu!" alisema kwa sauti. "Paka wangu alivuka juu!"

"Mwenyekiti," alisema Hylkje, "uliliweka wapi yai lako kulijaribu? Juu ya barafu?"

Wobbe alikohoa. "Nilijisahau. Nimeandika kwa mazoea. Nani hapa hajawahi kuandika kwa mazoea? Picha ipo!"

"Picha ipo, nashukuru umeitaja. Na yai lipo vilevile. Tuazime ufunguo wa kabati."

"Kabati? Kabati linahusu nini?"

"Kama halihusu, fungua."

Hakutaka, na kila mtu aliona hakutaka. Mkaguzi alinyoosha mkono, na Wobbe akautoa ufunguo mfukoni polepole. Hylkje alichukua lile yai linalong'aa kwa vidole viwili, akaliweka mbele ya mkaguzi, na kando yake simu yenye picha.

"Madoa ya yai ni kama alama za vidole vya mtu, hayarudiwi. Tazama hapa kwenye picha, doa kama buti lililolala. Juu yake vinukta vitatu. Haya, tazama yai."

Baukje alitazama. Akaligeuza yai kidogo. "Buti," alisema. "Na vinukta vitatu."

"Sadfa tu!" alisema Wobbe. "Linafanana!"

"Basi tumalizie kazi uliyoiandika kwenye fomu," alisema Hylkje, na akajaza gilasi maji bombani, mbele ya watu wote. Aliliachia yai taratibu. Halikuzama hata kidogo. Lilielea juu kama kizibo, likajigeuza, na tundu la ubavuni likatutazama sote.

Mtu mmoja mbele alisema "Mungu wangu," kisha kelele zikafumuka.

Wobbe alikaa. Tai yake ilikuwa imepinda. Alipoongea, ilibidi tunyamaze ili tumsikie.

"Kila siku nakaa chini ya ubao huo," alisema. "Babu yangu. Baba yangu. Miaka kumi na tisa mimi ni mwenyekiti, na goti hili daktari amesema masika haya ndiyo ya mwisho kulitembeza kwenye tope. Nililisafisha vumbi, nikaliweka, nikalipiga picha. Miaka yote picha ilitosha. Jumanne ikaja barua kwamba mwaka huu mkaguzi atakuja mwenyewe kuliona. Ningefanya nini?"

"Kwa hiyo Jumatano jioni ukaliondoa."

"Saa kumi. Nikaona alama za Sietske pale topeni, zimesimama tu. Nikaona..." Hakumaliza.

"Ukaona mwizi wa kukuokoa," alisema Hylkje. "Ungempa gavana mkono, Wobbe, mkono uleule uliomfungia huyu mama nyumbani kwake? Yai la babu yako ni lako, danganya nalo upendavyo. Lakini Sietske umemfanya nini!"

Wobbe aligeuka kumtazama Sietske. "Nisamehe."

"Si leo," alisema Sietske.

Baukje Reitsma alifunga faili. "Ripoti ya mwenyekiti imefutwa, na kadi yake naichukua. Ya pili ndiyo inayofuata, lakini nayo lazima niione kwa macho. Bibi Hofstra, kiota kiko wapi?"

"Ng'ambo ya mfereji."

"Twende."

Tulikwenda wote, klabu nzima na nusu ya kijiji, maana habari zilitutangulia barabarani. Watu walitoka na aproni zao na kahawa zao mkononi. Sietske alitembea mbele na upondo wake begani, na wale waliomwachia viti vitupu sasa walitaka kutembea karibu naye. Hakuwafukuza, ila hakupunguza mwendo.

Mferejini mkaguzi alitafuta daraja. "Liko kilomita moja kutoka hapa," Tjibbe alimwambia.

"Mama Sietske, zunguka naye," alisema mtu. "Usijivunje."

Sietske alichomeka upondo katikati ya maji, akarudi nyuma hatua nne, akakimbia. Miaka sabini na moja, jamani! Alipaa juu ya mfereji, koti linapepea, akatua ng'ambo kwa miguu miwili. Ukapigwa ukelele ambao sijausikia tangu timu ya kijiji ichukue kombe. Mkaguzi alivua viatu vyake safi, akaingia majini hadi magotini, akavuka.

Walipokaribia, ljip dume liliruka likilia na kuwashambulia vichwani. Jike lilijivuta majanini, bawa linaburuta, likijifanya limeumia. Kiota hiki kilikuwa na wenyewe, tena wakali.

Sietske alichuchumaa. Tuliona mgongo wake tu, na mkaguzi ameinama juu yake, maji yanamchuruzika. Walikaa hivyo. Kisha mkaguzi aliweka fomu juu ya mgongo wa Sietske, akaandika, akapiga sahihi.

Sietske alisimama akatugeukia, mikono yote miwili juu.

"Manne!" alipaza sauti. "Manne, na yana joto! La kwanza Friesland nzima ni la kwangu!"