Mngeniuliza Kwanza

"Usiuachie mwiko, Wendell. Kama ni kunidanganya, nidanganye huku unakoroga."

Akakoroga. Angefanyaje? Sufuria ya shaba iliyojaa siagi ya tufaha, matufaha yanayochemshwa kutwa mpaka yawe mazito kama jamu, haiwasubiri wapenzi wamalize ugomvi. Ukiiacha kidogo tu inashika chini, na ikishashika imeharibika yote, na mji mzima wa Ashby Run utakusema mpaka uzeeke. Mwiko wetu una mpini mrefu kumpita mtu na unashikwa na watu wawili wawili. Zamu ya mchana ule ilikuwa yangu mimi, Leanna Rohrbach, daktari wa ng'ombe, pamoja na Wendell Eberly, mwalimu wa bendi ya chuo, mpenzi wangu wa miaka mitatu.

Muda mfupi nyuma tulikuwa tunacheka. Simu yake ikatetemeka mfukoni mwa koti, akaniomba niitoe nione kama wapiga ngoma wake wamefika, maana gwaride la chuo lilikuwa karibu kuanza na mikono yake yote ilikuwa kwenye mpini. Nikaitoa. Haukuwa ujumbe wa wapiga ngoma.

"Mwalimu Eberly, tumefurahi sana umekubali kazi. Nyumba ya chuo iko tayari kuanzia Januari. Karibu Oregon."

Oregon. Kutoka kwetu Ohio mpaka huko unavuka nchi nzima.

Na uwanja wa kanisa, tulikokuwa tunakoroga, ulikuwa umefurika. Ilikuwa Jumamosi ya mavuno, ile ambayo waliosoma chuoni zamani wanarudi kutembea na masweta yao mekundu, vitambi vimewatangulia. Wazazi wa wanafunzi walipanga foleni ya maandazi ya maboga, watoto wakachimba maboga kwa vijiko. Kila aliyepita alitupungia mkono. Nami nikatabasamu kwa meno tu, moyo unawaka kuliko zile kuni chini ya sufuria.

"Umekubali lini?"

"Lea, si hapa."

"Hapa hapa. Lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu tulikula pamoja. Jana ulikaa jikoni kwetu tukamenya matufaha mpaka vidole vikafa ganzi. Muda wote huo unanitazama usoni, na unajua unaondoka?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Namna ni mdomo, Wendell. Unao."

Mzee mmoja wa sweta jekundu akasogea kuuliza kama imekaribia kuiva. Nikamwambia bado, tunangoja ikolee rangi. Akasema tumependezana. Nikamshukuru, akaenda zake.

Mimi si mtu wa kulialia, mjue. Nimeingiza mkono mpaka begani ndani ya ng'ombe, theluji inaanguka, nikamtoa ndama aliyekaa vibaya. Mwanaume anayetaka kuniacha ataniacha nimesimama wima. Kilichoniuma ni kwamba hakuniuliza. Hakusema twende, hakusema nisubiri, hata tuachane hakusema. Alikaa peke yake akaamua maisha yangu, halafu akaja kumenya matufaha.

"Ungeniambia lini sasa?"

"Baada ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba."

"Yaani ushibe kwanza bata mzinga wa mama yangu, ndipo uniache?"

Akazidi kukoroga. Hapo hasira ikanipanda, nikausukuma mwiko kwa nguvu zangu zote, ukagonga ubavu wa sufuria, mlio ukasikika mpaka barabarani.

Jamani. Kwetu kosa hilo lina adhabu yake na hakuna asiyeijua. Mwiko ukigonga sufuria, walioushika lazima wabusiane. Bibi zetu ndio walioanzisha, na sidhani walikuwa na nia ya kuadhibu mtu. Aliyezaliwa Ashby Run haugongi ila ametaka mwenyewe. Mimi niligonga kwa hasira, lakini nani angejua? Uwanja wote ukaitikia, "Busu, busu," watoto wanapiga vijiko juu ya maboga. Mama yangu, Verna, mwenye sufuria ile, alikuwa kwenye meza akijaza chupa. Yeye peke yake hakupiga makofi. Niliona, ila sikuelewa.

Nikamgeuzia Wendell shavu ili yaishe. Akainama. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, na badala ya kunibusu akaninong'oneza sikioni.

"Mama yako ndiye aliyeniomba nisikuambie."

Watu wakashangilia, wakarudi kwenye maandazi yao. Mikono yangu iliendelea kukoroga yenyewe, mimi sipo. Wendell akanieleza kwa sauti ya chini. Alikwenda nyumbani kwetu siku moja nikiwa kazini, akamwambia mama kuhusu ile kazi, akamwomba ushauri anipashe vipi habari. Mama akamkaribisha kahawa. Akamwambia mimi ni mtu wa kumfuata nimpendaye mpaka mwisho wa dunia, na nikishafika huko nitamchukia kwa kunitoa kwetu. Akamwambia, kama unampenda kweli, ondoka kimya kimya.

"Na wewe ukaamini?"

"Alisema uliapa hutauhama mji huu maisha yako yote."

"Niliapa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa na farasi."

Simu yake ikalia. Wapiga ngoma wameshajipanga, mwalimu hayupo. Akanitazama kama mtu anayesubiri hukumu. Nikamwambia aende kazini kwake, na kwamba mimi na yeye hatujamaliza. Kisha nikamwita mama.

Mama akaja akijifuta mikono kwenye aproni. Akashika upande wa Wendell, na kwa macho yangu tu akajua.

"Ulimwambia aniache, Mama."

Mama yangu akishikwa habishi.

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu baba yako hayupo. Ukienda na wewe, nabaki na miti ya matufaha na paka." Akausukuma mwiko mzunguko mzima. "Niliogopa, Leanna. Nikikuomba ubaki najua utabaki, na mimi nitaona aibu kila nikikutazama. Nikaona heri aende yeye mwenyewe."

"Kwa hiyo yeye aliogopa kunitoa kwetu, wewe uliogopa kuachwa, na mimi mwenye safari hakuna aliyeniuliza."

Akina mama wa meza ya chupa wakaanza kufuta chupa zilizokwisha kufutwa. Sikujali.

"Niulize sasa, Mama."

Akakoroga, akakoroga. Alipouliza hakunitazama.

"Utaondoka?"

"Ndiyo, Mama."

Macho yakamjaa pale pale. Nilitamani kulimeza lile neno, lakini lilikuwa la kweli, na nilimpenda mno kumpa la uongo. Nikaanza kumwahidi kuwa nitakuja kila vuli, nitapiga simu kila jioni. Akanikatiza, akasema ahadi hazimsaidii, nije tu. Kisha akavuta pumzi.

"Huko kuna ng'ombe?"

"Wapo, Mama. Tena wengi."

"Basi mwite Marlene ashike upande wako. Na wewe umwombe Mungu hii isiungue, maana leo sina subira na mtu."

Marlene, mke wa mchungaji, alikuwa ameshafika kabla sijafungua mdomo. Nikawaachia mwiko, nikatoka mbio.

Gwaride lilikuwa linateremka Barabara Kuu, gari la zamani la zimamoto mbele, bendi nyuma yake. Wendell huongoza bendi yake akitembea kinyumenyume, uso kwa wanafunzi. Nikaingia katikati ya barabara na aproni yangu ya madoa, nikasimama. Wapiga tarumbeta waliniona wakaanza kucheka ndani ya tarumbeta zao. Yeye hakuona kitu mpaka aliponigonga kwa mgongo.

"Lea. Nimekosa, nisamehe."

"Umekosa, na hilo tutalizungumza miaka mingi. Sasa niulize."

"Nikuulize nini?"

"Kile ulichoogopa kuniuliza."

Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine. Barabara nzima ikawa inatutazama sisi. Wendell akavua kofia yake yenye manyoya.

"Leanna, utakubali kuwa mke wangu, twende wote? Na kama hutaki kwenda, nawaandikia leo kwamba siji. Sema wewe."

Jibu nilikuwa nalo. Nilitoka nalo kule uwanjani. Lakini nilimwacha asimame hivyo kidogo, kofia mkononi, mbele ya wanafunzi wake na wazazi wao, na yeye aonje ilivyo maisha yako yakiwa kinywani mwa mtu mwingine.

"Ndiyo," nikamwambia. "Sasa geuka uwaongoze, gwaride limesimama."