Kidude Kiunoni mwa Wangwe

"Ondoka njiani, dada! Unataka kufa na makaratasi yako?"

Hivyo ndivyo Wangwe alivyomsalimia Efrazia siku ya kwanza, katikati ya soko la Sirari, mpakani, gunia la mahindi likiwa begani. Efrazia alikuwa na gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe zilizokwisha kula vumbi. Hakusogea hata hatua. Tangu lini binti wa Kiikoma kutoka Manchira akafukuzwa njiani na Mkurya?

"Utakufa wewe kwa kukosa adabu," alijibu. "Tua hilo gunia, nina kazi na wewe."

Akatua. Jamani, akatua!

Kazi ya Efrazia ilikuwa kupima kama maswali ya utafiti yanapata ukweli. Unamfunga mtu kiunoni mkanda wenye kidude kinachorekodi mwendo wake. Wiki ikiisha unamuuliza: katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi nzito siku ngapi? Kisha unalinganisha kinywa na kidude. Aliwafunga Wangwe na wabebaji wenzake wote.

Kila jioni simu iliita.

"Mwikoma wangu, kidude chako kinanitekenya."

"Kivue uone nitakavyokufanya!"

"Nitakivuaje na umenifunga mwenyewe, mama?"

Efrazia alicheka hadi mbavu zikamuuma. Wiki ilipoisha, Wangwe alijibu kwamba alibeba magunia kila siku, na Efrazia akaandika huku moyo wake umeshachukuliwa.

Basi, ofisini Bomani, bosi wake, Madamu Judith, akafungua kompyuta na uso ukabadilika.

"Wabebaji wako wote wa Sirari walilala wiki nzima. Kila siku vidude vyao havikutikisika mpaka jioni. Majibu haya umejaza mwenyewe, siyo? Ijumaa nirudishie begi na kitambulisho."

Mwizi! Yeye, aliyezunguka juani mpaka visigino vikapasuka! Efrazia alitoka nje, akapiga simu.

"Mwongo mkubwa wewe! Magunia gani ulibeba? Ulibeba usingizi!"

"Efrazia, ngoja..."

"Ningoje nini? Nimeitwa mwizi kwa sababu yako, na Ijumaa nafukuzwa kazi!"

Akakata simu na kuifungia namba ya Wangwe.

Ijumaa alikuwa akiweka begi mezani kwa Madamu Judith mlango ulipofunguliwa. Wangwe, shati limepigwa pasi, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama. Huyu binti hajadanganya. Tukibeba mzigo tulivua vidude, vikakaa ndani ya kopo kwangu. Wenzangu walisema vinawaonyesha watu wa forodha njia zetu za panya. Jioni tulivivaa tena."

"Unajua unachokisema?" Madamu Judith aliuliza.

"Najua. Andika."

Efrazia alimrukia kwa maneno. "Na kila jioni unaniambia kinakutekenya, kumbe kiko kwenye kopo!"

"Jioni nilikuwa nimekivaa kweli."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia ungeandika, ndiyo kazi yako. Na wenzangu wangelala ndani."

Madamu Judith alimsukumia begi lake. "Samahani, mwanangu," alisema. "Rudi Sirari ukaanze upya."

Nje, Wangwe alimfuata mpaka kwenye ngazi.

"Katika siku saba zilizopita," alisema taratibu, "umenichukia siku ngapi?"

"Zote!"

"Na leo?"

"Leo ndiyo zaidi. Usinichekeshe, nimekasirika!"

Wangwe akapandisha shati. "Basi nifunge tena. Nitabeba kwa barabara kuu, mchana, kidude kiunoni. Nimewaambia jamaa, asiyetaka kubeba na mimi aende zake."

"Wakasemaje?"

"Wameenda. Wote."

Efrazia alimtazama. Hasira haikuondoka. Akatoa mkanda kwenye begi, akamzungushia kiunoni, akauvuta kwa nguvu mpaka mwanaume akaguna.

"Sikia, Mkurya. Siku ukikivua tena, namwambia baba akurudishie ng'ombe wako."

"Ng'ombe gani? Mbona sijapeleka ng'ombe?"

"Ndiyo nakuuliza," alisema Efrazia, akikaza tundu la mwisho. "Unangoja nini?"