Mjakazi Aliyefutwa kwa Kalamu Nyekundu

Haya yalimpata dada yangu wa damu, Irmtraud, na mimi nilikuwapo. Anayetaka kubisha na abishe, ila asiniambie kwamba nilisikia vibaya. Nimekuwa seremala chini ya jukwaa la opera la mji wetu miaka ishirini na miwili, kazi niliyojifunza mwenyewe, na kila ubao wa pale naujua unavyolia.

Ilikuwa Jumanne ya Novemba, asubuhi. Tulikunywa kahawa kantini, tukala mkate na soseji ya maini, Irmtraud akalalamikia goti lake kama kawaida. Saa nne akaingia kwenye kisanduku chake. Alikuwa mnong'onezi. Hukaa ndani ya kijishimo ukingoni mwa jukwaa, kichwa tu juu ya sakafu, akamnong'onezea mwimbaji kila mstari pumzi moja kabla haujaimbwa. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na sauti ile nyembamba kama uzi ndiyo iliyowalisha.

Opera yenyewe ilikuwa mpya. Mtunzi, kijana aitwaye Lüdecke, aliitoa kwenye tamthilia ya zamani inayomhusu mwenye kinu cha kusagia nafaka kwa nguvu ya maji ya mto, aliyemzamisha mtoto wa nduguye. Tamthilia nzima haiimbiki, watu wangelala humo humo. Basi Lüdecke alichukua kalamu nyekundu akapunguza. Aliyemfuta kabisa ni Walburga, mjakazi wa kinuni, mtu pekee aliyeona mtoto akizamishwa. Kitabu cha maneno ya opera, chenye mistari hiyo myekundu, ndicho Irmtraud alichokiweka magotini.

Mazoezini, katikati ya tendo la pili, Bi Gundula, aliyeimba sehemu ya mke wa mwenye kinu, akakatiza wimbo.

"Irmi, unanipa maneno ya nani?"

"Nimekupa yako."

"Umeniambia, 'Niliona. Niulizeni mimi.' Hayo si yangu, mwenzangu."

Kiongozi wa okestra, Bwana Osterkamp, akagonga kijiti chake. "Mama Irmtraud, ukitaka kutunga opera, katunge yako nyumbani."

Watu wakacheka. Lüdecke hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, mweupe kama chaki.

"Hayo ni ya Walburga," alisema.

Jumatano yakajirudia. Alhamisi yakajirudia mara tatu. Osterkamp akasema mbele ya okestra nzima: "Kesho ni mazoezi ya mwisho. Nikisikia neno moja lisilo la opera, utarudisha ufunguo wa kabati lako."

Niliwaka. Nilimkuta Lüdecke kwenye ngazi nikamkaba kwa macho.

"Wewe kijana, spika umeificha wapi?"

"Nimrudishe kwa nini, na mimi ndiye niliyemtoa?"

"Ili magazeti yaandike!"

"Tafuta, Fundi Wendelin. Tafuta, kisha uniambie." Sauti yake ilitetemeka, nami nikaona ni uigizaji.

Nilimnyang'anya ile kalamu nyekundu, maana nilishuku anachezea kitabu. Nikaifungia kwenye sanduku langu la zana. Kisha nikatafuta ndani ya kisanduku cha dada. Hapakuwa na waya, wala spika. Ila upande wa kushoto wa kiti cha Irmtraud vumbi lilikuwa limefutika, kama mahali anapochuchumaa mtu. Nikapima kati ya kiti na ukuta. Sentimita kumi na tisa.

Hata mtoto hapenyi.

Nikamwita Irmtraud pembeni. "Niambie kweli. Ni wewe?"

Akanishika mkono. "Kaka, mle ndani kuna anayevuta pumzi kabla yangu."

Kwetu jukwaani kuna mwiko. Kabla ya onyesho wenzako watakutemea mate ya mdomo mtupu juu ya bega la kushoto, tfu, tfu, tfu, wakikutakia heri. Usishukuru. Ukisema asante, heri inageuka na kukugharimu. Mimi siku zote niliuona upuuzi. Mtu akikutendea wema, unamshukuru, basi. Nilinyamaza kwa kuwaheshimu wengine tu.

Ijumaa saa nne kasoro dakika tano nilikaa chini ya jukwaa. Mlango wa kwenda kisandukuni ni mmoja. Nilikuwa nimeuegemea kwa mgongo, nyundo mkononi. Irmtraud alishaingia. Lüdecke nilimwona kwa tundu la ubao, ameketi safu ya tatu. Bi Gundula alikuwa juu. Wote niliowashuku nilijua walipo.

Nyuma yangu palikuwa na mbao za mlango tu.

"Tfu," ikasema sauti ya kizee. "Tfu. Tfu. Kwa ajili ya dada yako."

Nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hofu ya kazi yake. Na nililelewa hivyo.

"Asante," nikajibu.



Bega langu la kushoto lilikuwa limelowa. Maji baridi. Yalinuka matope ya mtoni.

Okestra ikaanza. Nilisubiri neno lisilo la opera. Halikuja. Mazoezi yalikwenda hadi mwisho bila kosa, na Osterkamp mwenyewe akainama juu ya kisanduku. "Mama Irmtraud, hujawahi kunong'ona vizuri kama leo. Kazi ni yako mpaka uzeeke."

Nilifungua mlango. Irmtraud alikuwa amekaa, machozi yanamtiririka, mkono kooni. Akafumbua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akachukua kipande cha karatasi akaandika: *Tangu mwanzo. Sikusema hata neno.*

Madaktari watatu wamelitazama koo lake. Zima, wanasema. Hajatamka neno tangu siku ile, hata kwa wanawe. Lakini kazini bado anakwenda, kila onyesho, na mshahara unaingia. Bi Gundula huniambia, "Dada yako amekuwa hodari. Ila sauti yake imezeeka, siku hizi ananong'ona kama ajuza."

Ijumaa ile, baada ya watu kutoka, nilikichukua kile kitabu magotini pake. Mistari yote ya Walburga ilikuwa safi, haina tena hata alama ya wino mwekundu. Nikafungua jalada, pale dada yangu alipoandika kwa mkono wake: *Irmtraud, mnong'onezi.*

Jina lilikuwa limekatwa kwa mstari mwekundu, ulionyooka.

Ufunguo wa sanduku la zana ulikuwa shingoni mwangu. Nikalifungua. Kalamu ilikuwamo, nilipoiacha. Ilikuwa imelowa.