Sahani Isiyopewa Krimu

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa maabara, mtu asiyeogopa hata mama mkwe. Kazi yake ilikuwa kuzitilia krimu ya ngozi seli za saratani ya matiti, zilizotoka kwa mwanamke aliyekufa zamani. Zikizaana kupita kiasi, krimu ina tabia za homoni ya kike, haifai kuuzwa. Sahani ya krimu ilifurika seli. Ile ya kulinganishia, isiyopewa kitu, ilitulia tuli.

Mwenye kiwanda cha krimu hiyo akaja amefura kuliko seli.

“Badilisha vibandiko. Iliyotulia ndiyo ya krimu.”

“Mama, nitakuwa nimedanganya.”

“Basi kadanganye njaa nyumbani kwako. Maiti haendi mahakamani.”

Rafiki yangu akawakumbuka wanawe, akabandua kibandiko. Umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Ndani ya kabati la joto la kukuzia seli kitu kilisugua ngozi taratibu, kama mtu anayejipaka mafuta baada ya kuoga.

“Acha mzaha wako.”

“Mama, mikono yangu yote miwili imekushika wewe.”

Umeme uliporudi, sahani iliyotulia ilikuwa imefurika. Mezani, kopo la kioo la krimu ya akiba lilikuwa bado na lakiri yake. Ndani yake, nyuma ya kioo, krimu ilikuwa imechotwa kwa vidole vinne.