Mgeni wa Kutoka Pangani

Gari lililosimama kuwachukua halikuwa na vumbi hata chembe. Barabara ile ya kutoka ufukweni ni ya udongo mwekundu, na kila kilichopita asubuhi hiyo kilikuwa kimegeuka rangi ya tofali, lakini gari hili jeupe lilikuwa likichuruzika maji.

Ilwad na mumewe Ayanle walikuwa wamesimama pale juani tangu saa mbili. Walitoka Garissa kwa mabasi, wakavuka mpaka, wakaja kupumzika Pangani wiki moja. Ilikuwa safari yao ya kwanza katika miaka tisa ya ndoa. Gari lao hawakuwa nalo. Bajaji waliyoahidiwa haikuja, na basi la kuwarudisha lingeondoka Tanga saa sita. Ilwad, karani asiyejua kungoja, alipiga sanduku teke akasema, "Wallahi, yeyote atakayetutoa hapa leo ni mgeni wangu. Nyumba yangu ni yake."

Ndipo gari likasimama.

Dereva hakuitikia salamu. Viti vilinuka mwani, na maji yaliwalowesha nguo mpaka ngozi. Walipoteremka Tanga, Ayanle aligeuka kumshukuru, akakuta barabara tupu.

"Amesema atakuja," Ilwad alimwambia.

"Nani? Yule hakufungua mdomo njia nzima."

Ilwad alimtazama mumewe, akabeba sanduku.

Siku ya tatu tangu warudi nyumbani kwao Bulla Iftin, Garissa, adhuhuri, mlango wa gari ulibamizwa nje ya geti. Ayanle alitoka. Hakukuwa na gari, ila mkeka wa ukumbini ulikuwa umelowa, na alama za nyayo zilitoka getini zikaingia ndani, hazikutoka tena. Kuanzia hapo maziwa ya ngamia yaliyoletwa asubuhi yalikuwa na chumvi kabla ya mchana. Shuka zilizoanikwa hazikukauka, katika mji ambao nguo hukauka ukizitazama.

Ilwad naye hakukaa tena. Aliacha chai mezani akatoka, akazunguka ua, akarudi, akatoka tena. Kazini aliinuka katikati ya barua, akakutwa akitembea peke yake kandokando ya barabara ya Mombasa, viatu mkononi. Alikunywa maji mtungi mzima na midomo ikazidi kupasuka.

"Abaayo, mke wangu, unakwenda wapi?" Ayanle alimuuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili.

"Sijui. Miguu si yangu."

Kisha alianza kusema usingizini mchana, na hilo ndilo lililomtoa Ayanle mbio kwenda kumwita Sheikh Deeq, kwa sababu Ilwad, ambaye tangu shule "pole" yake ilitoka "bole" kwa lafudhi ya Kisomali, sasa alisema Kiswahili laini cha pwani, cha mtu mzee sana.

Sheikh Deeq, mzee mfupi aliyewasomea wagonjwa wa mtaa huo miaka mingi, aliketi upande wa kichwa cha Ilwad akasoma hadi jasho likalowesha kanzu yake. Mwishowe akauliza, "Kwa nini umemwingia binti huyu?"

"Sikumwingia tu. Nilialikwa." Sauti ilitoka bila midomo ya Ilwad kusogea. "Huku kunaniunguza. Njia ya kurudi siijui. Aliyenileta anisindikize."

Sheikh alifikiri. "Mto Tana unaishia baharini," alisema. "Ukifikishwa mtoni utaondoka?"

"Nitaondoka."

Walikwenda baada ya alasiri, Ilwad mbele, Ayanle na Sheikh nyuma yake, na kwenye mchanga wa ukingo kulikuwa na nyayo za watu wanne, za yule wa nne zikiwa zimejaa maji. Ilwad alisema, kama Sheikh alivyomfundisha, "Ugeni umekwisha. Nenda kwa amani," akaingia mtoni hadi vifundoni, na alipotaka kurudi hakuweza, akaingia hadi magotini, kisha kiunoni, mkono wake wa kulia umenyooka mbele kama wa mtoto anayevutwa sokoni, na ng'ombe waliokuwa wakinywa ng'ambo wakakimbia wote kwa pamoja, na Sheikh akapaza sauti akisoma huku maji ya kahawia yakimfika Ilwad kidevuni, na Ayanle, asiyejua kuogelea, akajitupa na nguo zake, akamkumbatia, akaelekeza mdomo kwenye upepo pale pasipokuwa na mtu, akanong'ona jambo.

Mkono uliachiwa. Wote wawili wakaanguka majini, wakatambaa hadi nchi kavu wakikohoa. Mtoni, mfuo mrefu wa maji safi, ya kijani, ulikatiza tope kuelekea kusini, ukapotea.

Jioni hiyo shuka zilikauka. Ilwad alikula wali sahani mbili, akaketi kitako saa nzima bila kuinuka, na Sheikh Deeq akaaga akimshukuru Mungu. Lakini mlangoni alimtazama Ayanle kwa huruma.

Ilwad aliona.

"Ulimwambia nini kule majini?"

"Nilisoma aya."

"Ayanle."

Mumewe aliinamisha kichwa. "Hakutaka kurudi peke yake. Nilimwambia akuache wewe, mimi nitamfuata."

"Ulitaja siku?"

"Sikutaja. Alisema siku ataichagua yeye."

Ilwad aliinuka, akafunga mlango, akachomoa ufunguo na kuufunga kwenye pindo la mtandio wake. Kisha akaketi karibu na mumewe, akamshika kiganja, na kukikuta kimelowa, kikinuka mwani.