Kinu cha Shaba na Masikio ya Hamdi

Nawara alikuwa juu ya paa, akigeuza madonge ya unga aliyoyaanika juani yaumuke. Alisikia mlango wa nje ukigongwa. Akachungulia chini. Alimwona mwanamke mwenye mkoba mweusi begani.

"Nani?"

"Ni mimi, Kariman. Muuguzi wa kliniki ya watoto njiti. Nimekuja kumwona Hamdi."

Nawara alikunja uso. Huyu mwanamke hachoki? Mara ya kwanza alimwambia mtoto amelala. Mara ya pili alimwambia mtoto amekwenda kumtembelea shangazi yake, na mtoto mwenyewe hata kukaa hajui. Leo amerudi tena, na jina la mtoto analitaja barabarani, majirani wote wasikie. Dirisha la nyumba ya pili lilikuwa limeshafunguliwa kidogo.

Lakini mama mkwe wake, Hajati Bahija, alishafungua mlango.

"Pita, mwanangu," alisema Hajati. "Jua limekuchoma vya kutosha. Nawara, teremka uweke chai."

Nawara aliteremka polepole. Njia nzima alijiuliza mwanamke huyu anatafuta nini nyumbani kwao.

Hamdi alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba. Alikuwa mdogo kama kifaranga cha bata. Hospitali walimweka kwenye mashine ya joto. Kisha akapata manjano, mwili mzima hadi weupe wa macho. Wakamlaza chini ya taa ya buluu kwa siku nyingi. Baba yake, Rashwani, alikuwa Kairo kwenye kazi za ujenzi. Kila jioni alipiga simu na kuuliza swali moja tu: "Anapumua?"

Mtoto alipotoka, Hajati alimfanyia sherehe ya siku ya saba, ingawa siku ya saba ilikuwa imepita zamani. Alimlaza kwenye chekeche sakafuni. Akaweka kinu chake cha shaba pembeni ya kichwa cha mtoto, akatwanga kwa nguvu kama desturi ilivyo. Mtoto alishtuka, mikono yote ikafunguka. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Msikilize bibi yako," Hajati alimwambia mjukuu wake. "Mama yako usimsikilize."

Watu walicheka sana. Nawara naye alicheka, lakini ni meno tu yaliyocheka.

Sasa Kariman alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alinawa mikono, akafungua kitambaa alichofungwa Hamdi kuanzia shingoni hadi miguuni.

"Mashallah," alisema.

Nawara hakupenda. Mbona anasema mashallah mapema hivi? Ameona nini cha kuonea kijicho? Akaisogeza shanga ya buluu ya kukinga kijicho kifuani kwa mtoto ili ionekane vizuri.

"Ana miezi mingapi?" aliuliza Kariman.

"Mitano."

"Basi tutoe ile miwili aliyowahi kuzaliwa. Tutampima kama mtoto wa miezi mitatu. Usimlinganishe na mtoto wa jirani, Mama Hamdi. Utajitesa bure."

"Nani amekwambia ninamlinganisha?"

Kariman alifungua mkoba wake. Alitoa mpira mdogo wa sufi nyekundu. Akaupitisha taratibu mbele ya macho ya Hamdi. Macho yakaufuata, huku na huku. Alimlaza kwa tumbo. Hamdi aliguna, akainua kichwa na kukishikilia kidogo. Kariman akamgeuza, akaikunja na kuinyoosha miguu yake, akipima kama ni mikakamavu au imelegea mno. Mwisho aligusa ngumi za mtoto. Vidole vikafunguka na kushika kidole chake.

"Macho mazuri. Shingo inakuja. Mikono na miguu haijakakamaa. Ila msimfunge hivi siku nzima, apate nafasi ya kurusha miguu. Na akiwa macho, mlazeni kwa tumbo mkimwangalia. Ndivyo atakavyopata nguvu."

"Si nilikwambia ni mzima," alisema Nawara. "Kunywa chai yako."

"Bado kidogo. Hebu shika mpira huu, mwoneshe."

Nawara aliushika. Kariman akaenda nyuma ya mtoto, mahali ambapo Hamdi hakuweza kumwona. Akapiga kengele ndogo karibu na sikio la kulia. Hamdi aliendelea kutazama mpira. Akapiga upande wa kushoto. Hamdi alitabasamu, lakini alikuwa akiutabasamia mpira.

Nawara aliuweka mpira chini. "Amechoka tu," alisema.

"Labda. Kipimo chake cha masikio hakikufanyika. Mlipangiwa kurudi kliniki, hamkurudi. Ndiyo maana nakusumbua."

Hajati aliweka gilasi yake chini. "Dada, masikio ya mtoto huyu tumeyapima sisi wenyewe, watu wameshuhudia. Nilitwanga kinu, akaruka. Muulize yeyote."

"Alikuwa amelazwa wapi, Hajati?"

"Kwenye chekeche. Sakafuni."

"Na kinu?"

"Hapohapo sakafuni. Ulitaka nikiweke juu ya paa?"

"Nakuomba ukilete."

Hajati alikileta kwa maringo. Akakiweka kwenye vigae karibu na Hamdi, akatwanga mara moja. Mtoto akashtuka. Hajati alimtazama muuguzi kwa jicho la ushindi.

"Umeona?"

"Nimeona," alisema Kariman. "Sasa, Mama Hamdi, mbebe usimame naye. Hajati, kaa kwenye benchi nyuma yao, kinu ukipakate mapajani. Kisiguse sakafu. Kisha twanga."

Nawara alimnyanyua mwanawe. Alitamani kusema chai imepoa, mgeni aende zake. Hajati akatwanga. Njiwa waliokuwa barazani waliruka wote. Nyumba ya pili, mtoto wa jirani aliamka akilia.

Hamdi alikuwa anachezea hereni ya mama yake.

Hajati alitwanga tena, kwa nguvu zake zote. Hamdi akaivuta hereni. Hata jicho hakupepesa.

"Sakafu ndiyo iliyomshtua," alisema Kariman kwa sauti ya chini. "Mtikisiko ulipita kwenye vigae ukamfika mgongoni. Ni mwili uliohisi. Masikio sijui bado."

Hajati aliweka mchi chini. Alimtazama Nawara, na Nawara alijua kinachokuja. Alikuwa amekisubiri tangu siku ile ya sherehe.

"Kwenu yupo yule mjomba bubu," alisema Hajati.

"Hajati, usianzie huko," alisema Kariman. "Mtoto amezaliwa kabla ya wakati. Amepata manjano makali. Mambo hayo mawili tu yanatosha kuyaweka masikio hatarini, hata kama ukoo mzima unasikia. Na kengele yangu haitoi jibu la mwisho. Hospitali ya mkoa kuna mashine. Mtoto anawekewa vitu vidogo masikioni na kichwani akiwa amelala, nayo inaonesha kama sauti inafika kwenye ubongo. Haimuumizi."

"Na nyinyi mnapata nini?" aliuliza Nawara. Sauti ilikuwa kali kuliko alivyotaka. "Mbona mnatufuata hadi nyumbani? Mnataka tuambiwe mtoto wetu ni kilema?"

"Mshahara wangu ni uleule, asikie asisikie. Lakini mtoto hujifunza kusema kwa kusikia, na anaanza sasa, kabla hajatamka neno. Akisaidiwa mapema, ana nafasi nzuri ya kusema. Tukisubiri tuone kama atasema, tutakuwa tumechelewa."

Nawara alikaa kwenye mkeka. Alimkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Nilijua," alisema. "Nyati wetu wa maziwa analia chini ya dirisha, yeye amelala. Bajaji zinapiga honi, amelala. Nyote mnasema mtoto mtulivu, mtoto mwema. Siku moja niliangusha sufuria nyuma yake makusudi. Hakugeuka. Nikaogopa. Nikaogopa hospitali, na wewe Hajati nikakuogopa zaidi."

Hajati alitazama kinu chake, kile alichoachiwa na mama yake. Nawara alingoja maneno makali.

"Kesho tunapanda treni ya kwanza," alisema Hajati. "Nitambeba mimi. Wewe utasinzia njiani, utaniangushia mtoto."

Mashine ya hospitali ya mkoa ilisema kweli. Masikio yote mawili yalikuwa dhaifu, lakini hayakuwa yamekufa. Hamdi akapewa vifaa vya kumsaidia kusikia, vidogo, vya kuvaa nyuma ya masikio. Kariman aliwafundisha kazi ya nyumbani. Mzungumzishe ukiwa umemtazama usoni. Mwambie jina la kila unachokishika. Mwite, kisha ngoja. Baadhi ya watoto husaidika kidogo, wengine sana, alisema, na kila kliniki msikose. Hawakukosa.

Kijiji nacho kilikuwa na lake. Jirani wa dirishani alisema mtoto amewekewa redio.

"Ndiyo," Hajati alimjibu, "ila redio yake haishiki umbea. Ingeshika, ingeungua."

Hata hivyo Hajati mwenyewe hakuviamini vile vifaa. Kila asubuhi alivigeuzageuza mkononi. Alivinusa. Alimuuliza Nawara kwa siri kama haviwezi kunyonya akili ya mtoto. Nawara alicheka, safari hii kwa moyo wake wote.

Wiki zikapita. Siku moja Nawara alikuwa jikoni akitwanga kitunguu saumu na giligilani kwa ajili ya mlenda. Alikuwa amekiweka kinu juu ya mto ili asiamshe nyumba nzima. Hajati alikuwa chumba cha pili, amempakata Hamdi aliyevaa vifaa vyake, mgongo wa mtoto ukielekea jikoni. Hamdi alikuwa akilia kwa sababu ya meno yaliyokuwa yakiota.

Mchi ulipiga. Hamdi akanyamaza. Kichwa kikageuka, polepole, kuelekea mlangoni.

Hajati hakukubali kirahisi. "Labda ameona kivuli," alisema. Akainuka naye, akampeleka hadi chini ya ngazi ya paa, akamgeuza atazame ukuta mtupu. "Haya, Nawara, piga tena. Taratibu."

Nawara alipiga taratibu. Hamdi aliuacha ukuta, akageuka na kutafuta.

Hajati alikuja jikoni. Alimkabidhi Nawara mtoto, akachukua mchi mwenyewe, akakaa mbele yao. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta. Aligonga ukingo wa kinu mara moja, kidogo tu. Hamdi akamtazama.

"Hamdi," alisema Hajati. "Msikilize mama yako."